Jua la Kesses na giza la saa moja jioni: barua ya wazi kwa wakuu wa nishati

Kwa Waziri wa Nishati na Petroli,
kwa wakuu wa EPRA (mdhibiti wa nishati), KenGen (mzalishaji wa umeme), KETRACO (mjenzi wa laini kubwa) na Kenya Power (msambazaji),
na kwa Gavana wa Kaunti ya Uasin Gishu.

KUH: BETRI NA MAJI KWANZA, PANELI BAADAYE

Waheshimiwa,

Salamu kutoka nyanda za juu. Mimi ni fundi wa stima na mkulima mdogo wa Uasin Gishu, kaunti ambayo wengi huijua kwa mahindi, maziwa na wanariadha, na ambayo sasa, bila kelele nyingi, ndiyo mwenyeji mkuu wa umeme wa jua nchini. Ukijumlisha mitambo mikubwa ya sola iliyounganishwa na gridi ya taifa unapata takriban megawati 210. Garissa ina 50 na Malindi 40. Zilizobaki 120 ni zetu: Selenkei, Cedate na Kesses, megawati 40 kila mmoja. Zaidi ya nusu ya jua linalouzwa kwa gridi ya Kenya linavunwa hapa, juu ya mwinuko unaopita mita 2,000.

Mgeni akisikia hivyo hutikisa kichwa. Jua la kuuza litoke kwenye baridi hii, ambako Julai mtu halali bila blanketi mbili? Wengi hudhani sola inataka joto. La hasha, sola inataka mwanga, na joto ni adui yake. Nguvu inayoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa kwenye nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hula takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya umeme. Mchana wa Garissa hewa hufika nyuzi 35. Eldoret kwa kawaida ni 23 au 24. Nyuzi kumi za tofauti ni asilimia tatu au nne ya umeme unaopatikana bila kuongeza paneli hata moja. Tena hewa ya huku ni nyembamba, kwa hiyo siku isiyo na mawingu mwanga hufika ukiwa haujachujwa sana njiani. Hewa hiyohiyo inayowaleta wakimbiaji wa mataifa Iten kuja kuhema ndiyo inayotupa mwanga mkali.

Nisiwadanganye, kuna upande wa pili. Mvua zetu huanza Machi au Aprili na hazituachi hadi Septemba. Agosti unaweza kukaa siku tatu bila kuona kivuli chako. Mawe ya mvua ya alasiri tunayajua vizuri, sisi tulioyaona yakilaza ngano ekari kwa ekari. Na wingu moja likipita juu ya paneli, umeme hushuka kwa dakika chache kisha ukapanda tena, jambo ambalo waendeshaji wa gridi hawalipendi. Yote hayo yanajulikana na yana dawa. Ninalowaandikia leo ni jingine.

Mheshimiwa Waziri, taabu ya jua letu ni saa.

Paneli za Kesses hufikia kilele saa sita na saa saba mchana. Wakati huo watoto wako shuleni, taa zimezimwa, na nyumba nyingi za ukanda huu hazina mzigo zaidi ya redio na simu inayochajiwa. Kuanzia saa kumi na moja jioni mitambo inaanza kunywea, na saa moja jioni haina kitu. Saa moja ndiyo saa Wakenya wanarudi nyumbani, wanawasha taa, televisheni, jiko, birika na pasi ya kesho asubuhi. Mahitaji ya kilele nchini yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na kilele hicho huja jioni, jua likiwa limeshatuaga.

Matokeo yake mnayajua kuliko mimi. Mwaka 2025 Rais mwenyewe alikiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku serikali hulazimika kuzima baadhi ya maeneo ili gridi isianguke. Mgao huo umekuwa ukiuma zaidi upande wa magharibi, kwa sababu umeme mwingi wa nchi unazalishwa Olkaria, kwa mvuke wa ardhini, na kusukumwa kuja huku kwa laini zinazolemewa jioni. (Rais ni jirani yetu, kwake Sugoi si mbali. Ninaamini habari hii imemfikia hata bila barua yangu.)

Sasa tazameni kichekesho kilichopo. Kaunti inayozalisha zaidi ya nusu ya umeme wa jua wa gridi iko ndani ya ukanda unaozimiwa stima jua likizama. Ni sawa na familia iliyoezeka mabati nyumba nzima, mvua ikanyesha mchana kutwa, na jioni watoto wanatumwa mtoni kwa sababu hakuna aliyenunua tangi.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini, maana sehemu ya tangi hilo tunayo tayari. Inaitwa Turkwel.

Bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153 katika korongo la Pokot Magharibi, lina mitambo ya megawati 106. Umeme wake husafiri kwa laini ya kilovolti 220 hadi Lessos, kituo kilekile ambacho ndicho kitovu cha umeme wa ukanda wetu. Kwa maneno mengine, maji ya Turkwel na jua la Uasin Gishu vinahudumia watu walewale. Maji yana fadhila moja ambayo jua halina: yanasubiri. Ukifunga lango mchana, yatakuwepo jioni.

Hesabu ya fundi ni hii. Mitambo yetu mitatu ya sola ikitoa wastani wa moja ya tano tu ya uwezo wake kwa saa 24, inatoa zaidi ya megawati-saa 500 kwa siku (megawati-saa ni megawati moja kwa saa nzima). Turkwel ikifunguliwa kwa nguvu zake zote kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku itatoa megawati-saa 424. Sisemi kila tone linaweza kuhamishwa hivyo, kwani hata mchana kuna mzigo wa kubeba na kuna siku za mawingu. Nasema ukubwa wa vitu hivi viwili unakaribiana kiasi kwamba ni ajabu kuviendesha kana kwamba havijuani. Hata majira yao yanapishana vizuri. Ile Agosti tunayofunikwa na mawingu ndiyo pia wakati ambao Mto Suam kutoka Mlima Elgon unaliletea bwawa maji. Januari na Februari bwawa likishuka, jua letu linawaka kutoka asubuhi hadi jioni.

Najua wahandisi wenu watasema nini. Watasema kituo cha maji kilichoko mwisho wa laini kinahitajika mchana pia, ili kushikilia volteji ya magharibi isidondoke. Ni hoja ya kweli na siibezi. Lakini kazi ya kushikilia volteji si ya jenereta ya maji peke yake. Inveta za sola za siku hizi, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, zinaweza kuifanya mchana, na zikiwekewa masharti hayo kwenye mkataba zitaifanya hata usiku paneli zikiwa zimelala. Swali langu kwa Kenya Power na EPRA: je, mikataba ya mitambo yetu mitatu inawalipa kwa huduma hiyo, au inawalipa kwa kila yuniti tu wanayosukuma, iwe inatakiwa au haitakiwi? Ikiwa ni hilo la pili, msiulaumu mtambo. Unafanya ulicholipwa kufanya.

Nchini China wamelifanya hili kwa kiwango ambacho sisi hatutafika karibuni, na wamelifanya kwenye nyanda za juu kuliko zetu. Katika jimbo la Qinghai, karibu na mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kuna mtambo wa sola wa Longyangxia wenye megawati 850, uliojengwa kwa awamu mbili mwaka 2013 na 2015. Umeme wake hauendi sokoni peke yake. Unapelekwa kwanza kwenye bwawa la Longyangxia juu ya mto Huang He, ambalo lina megawati 1,280 za maji, na viwili hivyo vinaendeshwa kama kituo kimoja. Wingu likipita, maji yanafunguliwa zaidi, na jua likirudi yanafungwa. Kwa gridi, kinachoonekana ni umeme uliotulia. Chini ya paneli za nyanda hizo majani yaliota vizuri mno kwa sababu ya kivuli na maji ya kuoshea vioo, wakaruhusu wafugaji waingize kondoo. Watu wa Kesses hawahitaji kufundishwa kufuga kondoo.

Maji hayatoshi pekee, na Turkwel ikikauka mwaka wa kiangazi tutabaki kulekule. Kwa hiyo betri. KenGen imekuwa na mpango wa betri za megawati 100 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Ombi langu kuhusu mpango huo ni fupi: zikija, sehemu kubwa iwekwe upande wa magharibi, Lessos au jirani na mitambo ya sola, wala zisirundikwe zote karibu na Nairobi au Olkaria ambako ni rahisi kwa mkandarasi kufika. Betri ikiwekwa Olkaria, jioni umeme wake utapanga foleni kwenye laini zilezile zilizojaa. Ikiwekwa Lessos, umeme utakuwa umeshavuka kizingiti mchana laini zikiwa na nafasi, au utakuwa umetoka kwa jirani wa Kesses bila kusafiri kokote.

Mtaniambia betri ni ghali. Zilikuwa. Bei yake imeporomoka katika miaka michache hii, na tukizungumzia ghali basi tulinganishe na tunachotumia sasa. Muhoroni kuna mitambo ya injini-tabo (gas turbine), megawati 60 hivi, iliyohamishwa kutoka Embakasi mwaka 2016 ili kuusaidia ukanda wa magharibi, na inachoma mafuta. Kila mteja anayenunua tokeni hulipa gharama ya mafuta. Juu yake hulipa gharama ya kubadilika kwa fedha za kigeni. Dizeli na mafuta ya taa tunayanunua kwa dola, tunayachoma jioni moja, na kesho yake tunayanunua tena. Betri pia itanunuliwa kwa dola, kweli, lakini mara moja, na ikafanya kazi miaka kumi na zaidi.

Afrika Kusini wameonyesha njia. Huko Kenhardt, Northern Cape, kuna megawati 540 za sola na betri za megawati-saa 1,140, na tangu mwishoni mwa mwaka 2023 mradi huo unaiuzia gridi megawati 150 zisizotetereka kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Huo ndio mkataba. Mnunuzi hakununua jua, alinunua umeme wa saa anazozitaka.

Jambo moja la kifundi, na samahani kwa wasiopenda mambo ya vyuma. Vifaa vingi vya stima, kuanzia transfoma hadi swichi kubwa, hutengenezwa kwa viwango vya kimataifa vinavyokadiria mwinuko usiozidi mita 1,000. Juu ya hapo hewa nyembamba haipozi vifaa vizuri, na haizuii cheche kuruka kama hewa nzito ya pwani. Kifaa kilekile kinachobeba mzigo wake kamili Malindi hakina budi kupunguziwa mzigo Kesses, au kinunuliwe kilichoandaliwa kwa ajili ya mwinuko. Tafadhali zabuni ya betri iseme wazi: mita 2,100 na zaidi, mvua ya mawe, radi nyingi. Radi za ukanda huu si za mchezo. Isiwe tunanunua kontena zilizobuniwa kwa jangwa la usawa wa bahari, halafu mwaka wa pili tunaambiwa uwezo wake umepungua kwa sababu ambayo fundi yeyote wa Eldoret angewaeleza kabla. Wachina wamejenga mtambo wa sola wenye betri Caipeng, Tibet, juu ya mita 5,000, kwa hiyo vifaa vya kufanya kazi mahali pa juu vipo sokoni. Ni kuvitaja tu kwenye karatasi.

Nahama kidogo niingie kwenye maziwa na mahindi, maana si lazima kila yuniti ya mchana ihamishwe jioni. Nyingine inaweza kutumiwa hapahapa mchana, ikiwa mtu atapewa sababu ya kuitumia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 nchi hii imekuwa na bei nafuu ya usiku kwa viwanda, kuanzia saa nne, kwa sababu mvuke wa Olkaria haulali na usiku mahitaji hushuka. Ilikuwa fikra nzuri. Lakini kwa ukanda wenye megawati 120 za jua, unafuu wa usiku pekee ni nusu ya dawa. EPRA mnapokaa kupanga bei za kipindi kipya, wekeni pia unafuu wa saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa watumiaji wa hapa wanaoweza kusogeza kazi zao: matangi ya kupoza maziwa ya vyama vya ushirika, mashine za kukausha mahindi, vinu vya kusaga, pampu za maji. Tangi la maziwa lililogandisha barafu yake mchana linaweza kupokea maziwa ya jioni bila kuigusa gridi. Na mahindi yanayovunwa Oktoba hadi Desemba yakiwa na unyevu, mkulima akiyaanika barabarani akiomba mvua isinyeshe, yangekaushwa kwa mashine saa za jua na yasipate sumu ya kuvu. Hili ni ombi la bei peke yake, halihitaji laini mpya wala mkopo.

Kwa nini naandika sasa? Kwa sababu mlango umefunguliwa. Marufuku ya mikataba mipya ya kununua umeme, iliyotusimamisha kwa miaka, Bunge liliiondoa mwishoni mwa mwaka 2025. Wawekezaji wataanza kupanga foleni, na kwa sababu nilizoeleza za baridi na mwanga wengi watakuja huku. Wakaribie. Lakini mtambo wa nne, wa tano na wa sita wa megawati 40 ukija kwa mkataba uleule wa zamani, wa kulipwa kwa yuniti za saa sita mchana, mtakuwa mmeongeza umeme pale ulipo mwingi na kuacha giza pale lilipo. Baadaye mtatuambia sola haifai, tujenge kitu kingine. Kila mkataba mpya wa sola ukanda huu ubebe betri yake mwenyewe, au ulipe sehemu ya betri ya pamoja Lessos, na bei ya yuniti ya saa moja jioni iwe tofauti na ya saa sita mchana. Mwenye mtaji akiona jioni inalipa, atainunua betri mwenyewe bila kusukumwa.

KETRACO nao wasije wakachelewa. Tuliwahi kuwa na shamba la upepo la Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo imesimama tayari mwaka 2017 na laini ya kwenda Suswa haijafika hadi mwaka uliofuata. Mwananchi akalipa mabilioni kwa umeme ambao haukumfikia. Laini ya Lessos hadi Loosuk, inayofanywa kwa ubia na mfuko wa uwekezaji wa Africa50 na kampuni ya PowerGrid ya India, itaunganisha ukanda wetu na ile njia ya upepo. Ikikamilika itatusaidia sana. Tunachoomba ni kuwekewa tarehe hadharani na kuambiwa kila robo mwaka imefika wapi.

Mheshimiwa Gavana, nawe usitoke mkono mtupu. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya nishati. Tunauomba wa kwetu, kwa lugha ambayo mzee wa kijiji ataisoma. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha wa mvuke: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 wenyeji. Kwa jua hakuna kitu kama hicho, na binafsi sidai mrabaha wa jua, lisije likapanda bei. Ninalodai ni dogo zaidi. Mamia ya ekari yamezungushiwa ua, nyaya kubwa zinapita juu ya maboma ya watu, na boma lililo chini ya nyaya hizo lisilo na transfoma lihesabiwe kwanza kwenye orodha ya kuunganishiwa. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024. Vijiji vilivyo karibu na paneli zinazoliwashia taa mchana visibaki vikitumia koroboi.

Kwa hiyo, Waziri, ombi langu kwenu nyote ni jibu la maandishi kwa maswali matatu. Je, ratiba ya Turkwel inapangwa kwa kuangalia utabiri wa jua la Uasin Gishu, na kama sivyo, itaanza lini? Betri za KenGen zitawekwa wapi, megawati ngapi, na kwa masharti gani ya mwinuko? Na mkataba wa kwanza wa sola mtakaotia saini ukanda huu baada ya marufuku kuondolewa utalipa bei gani saa moja jioni?

Jibu likichapishwa hadharani, mimi na mafundi wenzangu tutalisoma neno kwa neno.

Wenu mtiifu,
Fundi wa stima, Uasin Gishu